Mtaro wa Nyuma na Mguu wa Baba Mwelu

Jumatatu, 9 Machi

Nesi wa kliniki ya sukari amesema niwe nikiandika anachokula mume wangu, Baba Mwelu, na hali ya miguu yake. Nikamwuliza, dada, huyu mtu hutoka alfajiri na gari la mkate na kurudi alasiri, huko katikati nitajuaje anachokula, nimfuate kama mkia? Akacheka. Akasema andika unachokiona. Basi nimenunua daftari, na kwa kuwa mimi, Kanyiva, sijui kuandika maneno machache, humu yataingia na mengine.

Leo sukari imepatikana imepanda tena, na mguu wa kushoto umeanza kufa ganzi. Nesi alimwambia afumbe macho, akawa anamgusa nyayo kwa uzi mgumu na kuuliza, "Hapa unasikia?" Mara aliitikia, mara hakuitikia. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nikauona uzi umebonyea kwenye kidole gumba, naye ametulia tu kama mtu anayengojea kuguswa.

Tumeambiwa sukari isiposhuka, mguu hauna maisha marefu. Asitembee peku. Asitie mguu kwenye maji machafu, maana kidonda asichokisikia ndicho kitakachomkata. Nimkague kila jioni, na kama sina uzi ule nitumie unyoya wa kuku. Na atembee, si kukaa kwenye usukani mchana na kwenye kochi jioni.

Njiani Baba Mwelu alisema madaktari wa siku hizi wanapenda kutisha watu. Gari la mkate haliendeshwi na mtu wa mguu mmoja, na mimi nimeolewa na Maingi mzima. Naogopa.

Jumanne, 10 Machi

Jioni: ugali wa wimbi, kipande kidogo. Sukuma wiki. Amekula bila neno. Unyoya: kila nikiuliza anasema anasikia.

Alhamisi, 12 Machi

Niandike kazi yangu, nesi asije akafikiri nampeleleza mume wangu peke yake. Mimi ndiye keateka wa ploti hii ya gorofa saba hapa Kware. Nafagia ngazi, nafungulia maji, nakusanya taka mpaka watu wa mkokoteni waje. Tunaishi chini kabisa, mlango wa kwanza, na dirisha letu la jikoni linatazama kichochoro cha nyuma kunakopita mtaro.

Mtu anaweza kunidanganya kwa mdomo, kwa taka hawezi. Nikishika tu mfuko wa gorofa ya nne najua wamepata mgeni. Zamani, nilipoanza kazi hii, mfuko wa taka ulikuwa mzito: maganda ya ndizi, mabua ya sukuma, majivu. Siku hizi ni mwepesi na umefura. Ni makopo ya plastiki, chupa, makaratasi ya chipsi, vijiko ambavyo havijaoshwa hata mara moja. Watu wanaletewa chakula na bodaboda hadi getini, na wengine wanataka mimi ndiye niwapandishie.

Leo nimemwambia Jacklyne wa gorofa ya sita, "Wewe kuku na chipsi jana, kuku na chipsi leo. Sufuria zako zinalia." Akaniangalia. "Mathe, kwani unanicheki hadi kwa dustbin? Wewe ni DCI?" Sasa wote kwenye ngazi wananiita DCI, mpelelezi wa serikali. Waniite tu. Ndoo ya nyumba yangu ndiyo ninayoikagua kwanza, na tangu kliniki ni safi: maganda ya mbaazi, majani ya chai. Baba Mwelu ametubu.

Jumapili, 15 Machi

Kanisani, kisha nyumbani. Muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, na mbaazi nyingi. Niliufunika kwa nailoni uive haraka, gesi ni kidogo, na mwingine nikamwekea kwenye mkebe wa kazini.

Nimempangia mazoezi. Kila jioni apande ngazi hadi gorofa ya saba, amsalimie Mzee Obura, kisha ashuke. Ameenda akinuna, akarudi anahema na jasho usoni. Nikampigia makofi.

Jumatano, 18 Machi

Mvua imeanza leo mchana. Ilinyesha kidogo tu, lakini mtaro wa nyuma ulikawia kumeza. Maji yalisimama chini ya dirisha letu kwa muda mrefu kabla ya kuondoka. Nilikuwa nikiyaangalia huku nikifikiria mguu.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua. Jioni omena, wale samaki wadogo. Anasema anasikia.

Jumatatu, 23 Machi

Nimegombana na Adoyo.

Adoyo anakaanga chipsi getini kwetu, karai lake liko hapo tangu asubuhi hadi jioni, na harufu yake inaingia moja kwa moja hadi kwenye kochi alipokaa mgonjwa wangu. Leo mtaro umekawia tena, na maji yaliyosimama yalikuwa na mafuta juu. Nikatoka mbio.

"Adoyo, mafuta machafu unamwaga wapi?"

"Yawa, Mama Mwelu, salamu kwanza. Mafuta yangu naweka kwa mtungi, kuna mtu ananunua."

"Na haya yaliyo kwa mtaro?"

"Hii ploti iko na nyumba ngapi? Zote zinakaanga. Unaona tu Adoyo?"

Nikamwambia yeye ndiye anayetuziba mtaro na ndiye anayewaziba watu mishipa. Nikasema bwanangu akikatwa mguu nitamletea auchomee kwenye karai. Maneno hayo yalinitoka mbele ya wateja. Adoyo alifuta mikono kwenye aproni polepole.

Nimempigia simu mwenye ploti. Ameagiza Adoyo ahamie ng'ambo ya barabara. Jioni nilimwona akivuta meza yake kwenye tope, mwavuli umegeuka nje ndani. Nilijiambia nimeziba ufa.

Alhamisi, 26 Machi

Adoyo ameondoka, na mtaro bado unakawia. Sielewi.

Jumamosi, 28 Machi

Mzee Obura alishuka asubuhi na kikapu chake kwenda sokoni. Huyu alifanya kazi ya karani wa reli hadi akastaafu, na bado hutembea amenyooka kama anakagua stesheni. Nikamshukuru kwa kumpokea bwanangu kila jioni.

"Bwanako nani?" akauliza.

"Baba Mwelu. Si hupanda kukusalimia?"

"Mama, mimi Baba Mwelu namwona kwa gari la mkate tu. Labda anasalimia Obura mwingine."

Akacheka, mimi sikucheka. Jioni nilimpa muda, kisha nikamfuata kimyakimya. Alikuwa gorofa ya pili, amekaa kwenye ngazi na simu, anatazama mpira. Kando yake kulikuwa na kikombe cha maji. Nikajificha nyuma ya nguo zilizoanikwa, nikamwona akichota maji kwa vidole na kujipaka usoni, kisha akapumua haraka haraka mara kadhaa, akashuka.

Nikampigia makofi. Sijui kwa nini. Labda nilitaka nijue mwongo anapopigiwa makofi hufanyaje. Alitabasamu.

Jumatatu, 30 Machi

Jana na leo sikupata usingizi wa maana. Kama alidanganya ngazi, je, na mguu?

Jioni nikamwambia afumbe macho kama kawaida. Mimi huanzia kidole gumba, nashuka hadi kidole cha mwisho, kisha kisigino. Leo niliushika unyoya juu hewani, sikumgusa popote. Nikauliza, "Hapa unasikia?"

"Nasikia."

Nikasubiri. "Na hapa?"

"Nasikia vizuri kabisa."

Nikafunga daftari nikaenda kusimama jikoni. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya kichochoro. Nilitaka kumvuta sikio, nikaogopa kwamba nikimfumania atakataa hata kuniletea mguu wenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na huyu anaficha mbele ya macho yangu.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Hatukusafiri, barabara ya nyumbani imekatwa na maji. Mwelu amepiga simu kutoka chuoni Kitui, anauliza kama baba yake bado anamwekea keki zake. Zamani alikuwa akimletea zile keki zinazorudishwa na maduka, hupigwa mhuri wa bluu kwenye pakiti zisiuzwe tena, madereva wanaruhusiwa kuchukua. Nikamwambia hapa keki zimepigwa marufuku. Baba Mwelu akainamia chai yake.

Jumanne, 7 Aprili

Naandika nimekaa juu ya meza kwa Jacklyne, gorofa ya sita. Nyumba yetu imejaa maji.

Mvua ilianza saa sita za mchana, na haikuwa mvua ya kuuliza hodi. Alasiri nilikuwa gorofa ya tano nikifagia. Niliposikia watu wanapiga kelele chini nilishuka nikishika ukuta. Maji hayakuingia kwa mlango. Yalipanda kutoka nyuma, kwenye tundu la choo na lile la kuogea, meusi, yakaleta kila kitu yalichokikuta njiani.

Baba Mwelu alikuwa amekwisha kurudi kutoka kazini. Nilimkuta katikati ya nyumba, maji yamefika chini ya magoti, ameinua godoro kichwani.

"Toka!" nikamwambia. "Toka kwa hayo maji!"

"Shika gesi kwanza!"

"Achana na gesi! Maingi, mguu!"

Simwiti Maingi. Sijawahi kumwita Maingi tangu Mwelu azaliwe. Akanitazama kama hanijui, kisha akainama akatafuta kitu majini kwa mikono. Ndala zilikuwa zimeondoka na maji. Alikuwa peku.

Jacklyne na vijana wa juu walitupokea vitu. Huyu msichana niliyemsimanga kwa taka zake ametuachia kitanda chake, yeye analala kwa rafiki. Nimemwosha Baba Mwelu miguu kwa sabuni na maji moto, nikaangalia kwa tochi ya simu. Kulikuwa na tope kwenye kila mfinyo, nikasugua hadi akasema nimwachie ngozi. Sikuona kitu. Ngozi ya nyayo zake ni ngumu na imepasuka, sikuona kitu.

Jumatano, 8 Aprili

Nilimkataza kwenda kazini. Akasema mkate haungoji mtu. Akavaa soksi na viatu, akaenda.

Alasiri amerudi, amekaa, nikamvua kiatu cha kushoto. Soksi haikutoka. Nikavuta taratibu. Ilikuwa imegandia kwenye wayo, chini ya kidole cha mwisho, na pale palikuwa pamelowa damu nyeusi. Nilipopabonyeza nikaukuta msumari, mfupi, umekatika kichwa, na wote ulikuwa ndani. Alilala nao. Alivaa kiatu juu yake, akakanyaga klachi siku nzima.

"Nini?" akaniuliza. "Mbona unalia? Kuna nini?"

Alikuwa ananiuliza mimi. Mguu ni wake na ananiuliza mimi.

Alhamisi, 9 Aprili

Hospitali. Wamemlaza. Mguu umevimba hadi kifundo. Sukari iko juu mno, daktari alirudia kupima akidhani mashine imekosea.

Ijumaa, 10 Aprili

Homa. Nimeuliza watakata wapi, hawasemi.

Jumatatu, 13 Aprili

Leo jua limetoka kidogo na tumefungua mtaro wa nyuma. Mwenye ploti ametuma pesa za kibarua lakini hakuna aliyetaka, hivyo ni sisi wenyewe. Mzee Obura alivaa buti zake za reli. Jacklyne alifunga pua kwa leso na kushika koleo kama mtu anayeshika nyoka. Na aliyetangulia kuingia kwenye mtaro, gauni limefungwa kiunoni, ni Adoyo. Sikumwita. Alivuka barabara akaja.

Tuliinua slabu za zege zinazofunika mtaro, moja moja. Zilipoanzia kwa jirani, mtaro ulikuwa unapita. Tuliendelea hadi chini ya dirisha la jikoni kwangu, mahali slabu imemeguka ikaacha tundu la kupitisha mkono. Hapo ndipo palipokuwa pameziba.

Adoyo aliingiza jembe akavuta. Zikatoka chupa. Chupa fupi za kile kinywaji cha kuongeza nguvu ambacho madereva hunywa, zimekanyagwa zikawa bapa. Zikatoka nyingine, na nyingine. Kisha pakiti za keki zimeshikana kwa tope na mafuta, na karatasi za mkate. Nailoni zangu za muthokoi nazo zilikuwemo, nazifahamu, nilikuwa nazitupa hapo dirishani nikidhani maji yatazichukua. Lakini nailoni zilikuwa chache. Kilichoziba kilikuwa zile pakiti.

Jacklyne aliokota moja akaisuuza. "Ona, hii imestampiwa bluu. Si zile unanunua dukani."

Nilimnyang'anya. Sikutaka Obura aisome, na Obura alikuwa amekwisha kuisoma, akageuka kutazama ukuta.

Ni mimi ninayejua taka za kila nyumba. Na kila alasiri, nikiwa juu nafagia ngazi za watu, mume wangu alikuwa amesimama dirishani pangu anakula na kusukuma maganda katikati ya nondo, yaanguke kwenye tundu, nisiyaone kwenye ndoo. Kikulacho ki nguoni mwako. Maji yaliyotuingilia aliyaziba yeye, kisha akaingia ndani yake kunitolea gesi.

Adoyo alipanda akanawa mikono. Nikamwambia, "Adoyo, yale maneno ya siku ile..."

"Ya karai?"

"Ya karai."

"Yalikuwa machungu," akasema. "Lakini mgonjwa ni wetu sote. Anaendeleaje?" Kisha akaongeza, "Na nikirudi getini usinipigie hesabu ya mafuta. Mtungi utauona."

Nimemwambia arudi kesho. Mwenye ploti nitamalizana naye mimi.

Jumanne, 14 Aprili

Nilienda hospitali na ile pakiti kwenye mkoba. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na yalikuwa maneno mabaya. Nilipofika alikuwa amegeukia ukutani. Kabla sijakaa akauliza, "Mtaro mmefungua?"

Nikasema tumefungua. Akafumba macho.

"Kwa nini, Baba Mwelu?"

"Ningetupa wapi? Kwa ndoo ungeona."

"Si ungekulia huko huko kazini, nisijue?"

"Huko pia nilikuwa nakula."

Nilitaka kucheka na kupiga mtu. Akaendelea kwa sauti ndogo. Alisema kule stoo wote hula mkate na soda wakiwa kwenye foleni ya kupakia. Alipotoa mkebe wangu wa muthokoi siku ya kwanza walimwuliza kama amerudi shule ya msingi. Walimwambia amekonda, bibi anamnyima. Tangu siku hiyo muthokoi alikuwa anampa askari wa geti.

"Na nikija nyumbani," akasema, "unanikagua kama mfuko wa gorofa ya nne. Nilikuwa naogopa ule unyoya. Ukiuliza kama nasikia, na mimi sisikii, nitakuambia nini? Kwamba mguu umeenda?"

Pakiti sikuitoa. Nilikaa nikimshika mkono mpaka wageni wakaambiwa watoke. Hasira yangu iko, sijaimaliza. Lakini nilipokuwa nashuka ngazi za hospitali niliwaza kwamba ndani ya nyumba yangu mtu alikula amesimama, haraka, akisikiliza kama ufagio wangu unashuka.

Jumatano, 15 Aprili

Amepelekwa chumba cha upasuaji. Nimekaa kwenye benchi na Adoyo, amefunga karai leo akaja. Daktari alitoka akasema wamekata vidole viwili vya mwisho, mguu wamejaribu kuuacha. Nikauliza kujaribu ni nini. Akasema tungoje tuone kama kidonda kitafunga.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua. Tunangoja.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua. Harufu ya kidonda imepungua, au nimeizoea. Sijui ni ipi.

Jumanne, 28 Aprili

Ameruhusiwa, tumerudi chini nyumbani kwetu. Kazini wamesema watamtafutia kazi ya stoo akipona, hawakusema lini. Kidonda kinafunga polepole. Daktari amenionya kwamba mguu wa kulia nao unafuata njia ile ile.

Nimemwambia Baba Mwelu sitakagua ndoo ya nyumba yetu tena. Nimeuma ulimi kusema hivyo. Akila kitu, akiweke mezani nikione au asinionyeshe, ni mwili wake, lakini dirishani hapatupwi kitu, chake wala nailoni yangu.

Jumapili, 3 Mei

Leo ameweka chupa moja juu ya meza, tupu. Alikunywa akiwa na Obura, ambaye sasa ndiye humshukia ili watembee na magongo hadi getini na kurudi. Nimeiangalia ile chupa. Nimeandika hapa: chupa moja. Sikusema neno, na mbavu zinaniuma kwa kunyamaza.

Jumamosi, 9 Mei

Mvua imepungua. Mtaro wa nyuma unapita, nausikia ninapoosha vyombo.

Jioni alikaa kwenye kochi akaunyosha mguu bila kuitwa. Ule wa kulia, mzima. Akasema, "Leo nifunge macho na leso. Na usianzie kidole gumba, nimezoea mpangilio wako."

Nikamfunga. Nikachukua unyoya. Nikagusa katikati ya wayo.

"Hapa unasikia?"

"Nasikia."

Nikaushika unyoya hewani. "Na hapa?"

Akangoja. "Hujagusa," akasema.

Nikagusa kidole cha mwisho, taratibu, kisha nikabonyeza. Nikauliza. Mkono wake ukatafuta bega langu ukalishika.

"Hapo sisikii, Mama Mwelu."

Nikalia. Akauliza nalia nini sasa na amesema ukweli. Nikamwambia anyamaze, atulize mguu, tuendelee na kidole kinachofuata.